Hilux yangu ya 3L, mlima Kitonga, na fundi aliyekataa kufungua pampu

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya 1996, injini ya 3L, dizeli ya cc 2779 isiyo na tabo. Kompyuta hakuna, kwa hiyo ile mashine ya kuchomeka na kusoma makosa haina kazi hapa. Ugonjwa unatafutwa kwa macho, masikio na pua. Raha yake ndiyo hiyo, na hatari yake pia, maana kila fundi ana ugonjwa anaoupenda.

Ilianza asubuhi. Stata inazungusha weee, moshi mweupe unaonuka dizeli, betri inakaribia kukata tamaa, ndipo injini inashika. Ikishashika imetulia, kama vile haikuwa yenyewe. Nikapuuza wiki tatu hivi. Halafu siku moja natoka Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu, napanda Kitonga, katikati ya zile kona nguvu zikaisha. Nakanyaga mafuta, hakuna kitu. Ikazima. Nikaweka jiwe nyuma ya tairi, malori yanapiga honi, konda wa basi katoa kichwa dirishani kunipa ushauri ambao sikuuomba. Nikabonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli mpaka ikawa ngumu, ikawaka, nikafika Ilula kwa kuvizia.

Gereji ya kwanza siitaji jina. Walibadilisha nozeli zote nne, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, na plagi za kupasha moto bila kupima hata moja. 380,000. Kesho yake asubuhi, weee, yale yale. Wakasema basi pampu ya nozeli imekufa, inataka ovahoo, yaani kufunguliwa yote na kutengenezwa upya, laki tisa. Nikawaambia naenda kutafuta hela, kumbe natafuta fundi mwingine.

Huyu wa pili ni mzee wa hapa Iringa mjini, kazi yake pampu na nozeli tu. Hata boneti hakufungua. Aliuliza, "Kijana, gari hili unalilaza wapi?" Nyumbani, nikamwambia, uwanja una mteremko. "Linalala pua juu au pua chini?"

Hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa nakiona kila siku bila kukitilia maanani: nikiliingiza kwa kurudi nyuma, pua ikatazama bondeni, asubuhi linawaka mara moja.

Akanieleza. Injini hii haina pampu nyingine ya kusukuma mafuta kutoka tangini. Pampu ya nozeli yenyewe ndiyo inayovuta dizeli kutoka kule nyuma kupitia filta. Sasa kwa kuwa inavuta, palipopasuka hapavuji, panaingiza upepo. Unaweza kulala chini ya gari na tochi usione tone. Likilala pua juu, dizeli inarudi tangini usiku kucha. Likilala pua chini, tangi liko juu, mafuta yanabaki. Na Kitonga unapanda pua juu, mzigo mgongoni, injini inataka mafuta mengi kuliko wakati wowote.

Vipimo vyake vilichukua kama nusu saa. Kwanza kidumu cha dizeli, akakining'iniza kwenye boneti, akaunga mpira moja kwa moja kwenye pampu. Injini ikanguruma vizuri kabisa, usipokanyaga mafuta imetulia, ukikanyaga inapokea. "Pampu yako nzima, siifungui." Kisha akarudisha njia ya tangi na kuweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, ule waashi wanaopimia levo, kati ya filta na pampu. Mapovu tele. Akaunga mpira bila kupitia filta, mapovu yakaisha. Mwenye makosa alikuwa ngozi ya ndani ya ile pampu ya mkono juu ya filta, imechanika. Yaani pale Kitonga nilikuwa namshukuru mchawi.

Kichwa kipya cha filta pamoja na pampu yake ya mkono 70,000, mpira na klipu 12,000, ufundi 40,000. Zile nozeli nne ndizo zinaniuma hadi leo.

Jingine alilogundua bila kuulizwa: ukiwasha ufunguo, taa ya T-BELT haiwaki hata zile sekunde ambazo taa nyingine za dashibodi zinawaka. Taa hiyo hukumbusha mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000, na aliyeniuzia alikuwa ameng'oa balbu. Mkanda ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Nilibadilisha wiki iliyofuata, na balbu nikarudisha.

Tangu hapo nimepanda Kitonga mara sita na vitunguu. Taratibu, gia ya pili, lakini haijazima. Springi za mbele bado zinanivunja kifua kwenye matuta, hiyo si kesi ya mzee.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa sababu hatoi risiti, na aliniambia nije saa mbili asubuhi, yeye akatokea saa sita na chapati mkononi.