Mtungi wa Wakisi: miaka miwili ya kuutumia nyumbani Mbeya

Mtungi wa kwanza niliununua hapa hapa Mbeya mjini, kwenye duka la mapambo ya nyumbani, na naanza na huo kwa sababu ndio ulionifundisha cha kutazama. Ulikuwa unang'aa. Tumbo la duara, shingo nyembamba, michoro ya kahawia, na muuzaji aliniambia ni kazi ya Wakisi, wafinyanzi wa kandokando ya Ziwa Nyasa. Nililipa shilingi 45,000, nikapanda bajaji nimeupakata. Nyumbani nikauosha, nikaujaza maji ya kunywa, nikaufunika kwa sahani.

Siku ya tatu maji yalikuwa na harufu ya duka la rangi. Mama mkwe wangu ni mtu wa Kyela, kule chini ziwani, na wiki ile alikuwa amekuja kutusalimia. Aliinama, akapitisha kiganja kwenye tumbo la mtungi, akakinusa.

"Mwanangu, huu wameupaka vanishi. Mtungi usiotoa jasho haupozi maji. Huu weka maua."

Hilo jasho ndilo kazi nzima ya mtungi. Udongo uliochomwa kwa moto wa wazi, wa nyasi na kuni, haufungi kabisa kama sahani ya kauri ya dukani. Unabaki na vitundu vidogo mno. Maji yanapenya taratibu mpaka juu ya ngozi ya nje, yanageuka mvuke, na mvuke ukiondoka unaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ukipaka vanishi umeviziba vitundu vyote, na maji yanakaa na joto lake, tena yanaonja vanishi. Niliurudisha dukani. Nikaambiwa wateja wanapenda kinachong'aa, na bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Iliniuma, kwa sababu chini ya ile rangi kulikuwa na kazi nzuri ya mikono ya mama fulani, na mtu mwingine aliiharibu ili aiuze kwa bei ya juu.

Basi mwezi wa nane, mimi na mama mkwe tukafunga safari kwenda kwa wafinyanzi wenyewe.

Soko lenyewe liko Lyulilo, kando ya ziwa, jirani kabisa na Matema, na ni la Jumamosi. Ukitoka Mbeya unapita Uyole, Kiwira, Tukuyu, halafu barabara inashuka: unaacha chai na migomba, unakuta kakao na mpunga, na ukifika Ipinda sweta umeshalivua. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe halifiki mita 500. Kumbuka hiyo tofauti, nitairudia. Tulilala Matema Ijumaa ili asubuhi tusikimbizane na magari.

Wakisi wa Ikombe wanaleta vyungu sokoni kwa mitumbwi. Ikombe iko ng'ambo kidogo ya Matema, chini ya Milima ya Livingstone, mahali ambapo mlima unakaribia kuingia ziwani, kwa hiyo mtu anafika kwa maji au kwa njia ya miguu ya kandokando. Asubuhi ile vyungu vilipangwa chini kwa safu, vingine vimelazwa mdomo juu ya mdomo: vyungu vya maharage, vikaango vyenye mdomo mpana, mitungi, na vile vidogo vya mchuzi. Rangi yake ni ya udongo mkavu, kati ya maziwa na mchanga, na baadhi vina mstari wa udongo mwekundu shingoni. Hakuna kinachong'aa kwa kupakwa. Kile kinachometa kidogo kimesuguliwa kwa jiwe.

Mama mkwe alisalimia kwanza, akauliza habari za nyumbani na za ziwa, ndipo akanyanyua mtungi. Aliushika kwa shingo mkono mmoja, ukining'inia, akaugonga tumboni kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama kengele ndogo, sauti ikakaa kidogo kabla ya kufa. Akagonga wa pili: pu. Akaurudisha chini taratibu bila kusema kitu, na muuzaji naye hakubisha, akautoa kwenye safu. Ule ulikuwa na ufa ambao mimi sikuuona hata nilipoonyeshwa. Nilipewa nigonge mwenyewe, na baada ya kugonga kama kumi sikio lilishajua. Usinunue chombo cha udongo bila kukigonga, na usikigonge kikiwa chini. Kinyanyue, kwa maana ardhi inameza sauti.

Nilinunua mtungi mmoja shilingi 12,000, vyungu viwili vya kupikia 5,000 kila kimoja, kikaango 4,000 na vitatu vidogo vya 1,500. Nilitaka kuomba apunguze kwenye mtungi, mama mkwe akanigusa mkono. "Huo usimpunguzie." Kesho yake nilielewa kwa nini.

Jumapili tulitembea mpaka Ikombe. Mama mmoja wa makamo alikuwa amekaa chini mbele ya nyumba yake, miguu kainyoosha, donge la udongo limewekwa juu ya kigae cha chungu kilichovunjika. Hakuna gurudumu. Mkono wa kushoto unakizungusha kigae, wa kulia unavuta udongo kwenda juu, vidole vinne ndani na dole gumba nje, na ukuta unapanda huku unazunguka. Kila mzunguko mmoja au miwili anasimama, anaubana ukuta kwa vidole viwili, anasogea, anabana tena. Nilidhani anarekebisha umbo. Aliponiona natazama akanichukua mkono, akaniwekea vidole pale pale. "Sikia," akasema. Alikuwa anapima unene. Sehemu nene inachelewa kukauka, na ikiingia motoni na unyevu ndani, mvuke unatafuta pa kutokea na chungu kinapasuka. Kazi ya siku kadhaa inapotea kwa sababu ya mahali pamoja palipozidi unene wa ukucha.

Ukuta ulipofika juu alichukua kipande cha kibuyu kilichopinda, akakwangua ndani na nje, akakitenga chungu kivulini. Pembeni palikuwa na vingine vilivyokwisha kukaza kidogo, na hivyo alivisugua kwa jiwe la mtoni, jeusi, laini kama sabuni iliyotumika. Jiwe lile aliachiwa na mama yake. Upande mmoja lilikuwa limelika likawa bapa, na bapa lile liliufuata mzunguko wa tumbo la mtungi kana kwamba vilizaliwa pamoja. Nimelitazama lile jiwe kuliko nilivyotazama chungu chochote siku ile.

Wanawake ndio wanaofinyanga. Binti wa kama miaka kumi na miwili alikuwa hapo akifinyanga vibakuli, naye anabana ukuta kwa vidole viwili vile vile.

Kuhusu usafiri sitawaficha: vyombo saba viliondoka Matema, sita vikafika. Tulifunga kwenye tenga kwa majani makavu ya migomba, kama tulivyoelekezwa na akina mama pale sokoni, na tukapatana na konda tenga likae miguuni kwetu. Tulipobadilisha gari, wa gari la pili akasema njia haipitiki, akalipandisha juu ya keria na kuweka gunia la mpunga pembeni. Chungu kimoja cha kupikia kikapasuka. Ukienda, kata tiketi ya kiti cha ziada kwa ajili ya tenga. Ni nafuu kuliko chungu, na moyo unatulia.

Sasa matumizi. Chungu kipya usikikimbize jikoni. Mimi nilikiloweka maji usiku kucha, kesho yake nikakipikia uji mwembamba sana wa mahindi kwa moto mdogo, nikauacha upoe humo humo, nikaumwaga. Wanga unaingia kwenye vitundu na kuviziba kutoka ndani, chungu kinaacha kuvuja na ile ladha ya udongo inakwisha. Mtungi wa maji haufanyiwi hivyo, kwa sababu vitundu vyake tunavihitaji. Mtungi unaloweka tu, unamwaga, unarudia siku mbili tatu.

Maharage ndiyo yalinifanya niandike haya yote. Nina sufuria nzuri, lakini maharage ya kablanketi yaliyopikwa kwenye chungu, jiko la mkaa limefunikwa majivu, yanatoka na mchuzi mzito bila kupondwa. Chungu hakichemki kwa kurukaruka. Kinatokota pole pole, na ukikitoa jikoni saa sita mchana, saa tisa bado ni moto. Kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba, hilo ni jambo kubwa nyumbani kwangu. Watoto wakirudi shule hawahitaji kupashiwa.

Kwenye gesi nilikuwa na hofu, na hofu ilikuwa ya haki. Moto wa gesi unachoma mahali pamoja pa duara, udongo unatanuka pale huku pembeni pakiwa baridi. Kikaango changu kilipata ufa mwembamba mwezi wa nne kwa sababu hiyo. Kinashika mboga kavu tu sasa. Ukilazimika, weka bati nene katikati na uwashe moto mdogo kabisa. Na usimwage maji ya baridi kwenye chungu cha moto, hata kama mboga inaungua. Ongeza ya moto. Sabuni nimeacha pia, kwa kuwa udongo unainywa halafu unaitoa kwenye chakula cha kesho. Maji ya moto na nyuzi za dodoki vinatosha.

Nirudi kwenye mtungi na ile tofauti ya mwinuko. Huu mtungi umezaliwa kwenye joto la ziwani. Nilipouleta Mbeya mwishoni mwa mwezi wa nane ulifanya kazi kwa namna iliyonifurahisha mno: kuanzia Septemba mpaka mvua zianze hewa ni kavu, jua linapiga, na maji ya mtungini yakawa baridi ya kupendeza, si ile ya friji inayouma meno. Ukipitisha mkono tumboni unahisi unyevu. Mvua zilipoanza nguvu ikapungua, maana hewa ikishajaa unyevu jasho halikauki. Na Juni? Juni hakuna anayetaka maji yale. Asubuhi za Mbeya ni za baridi kali, na maji ya mtungini yanakuwa baridi kupita kiasi. Tunayaacha na kunywa ya chupa ya chai. Juni na Julai naumwaga, naukausha juani, nauweka pembeni ya mlango, na hapo ndipo wageni wanausifia kama pambo. Kwa mtu wa Kyela, kwenye joto la ziwani, ningesema mtungi ni wa mwaka mzima. Kwa penye baridi kama Mbeya mjini au Makete, nunua ukijua hilo.

Baada ya miezi michache ngozi ya nje ilianza kutoa unga mweupe. Niliogopa ni ukungu. Ni chumvi za kwenye maji: yanayokauka nje yanaziacha pale. Nasugua kwa brashi ngumu na maji matupu kila mwezi, na ndani nasugua kwa mchanga safi ili utelezi usikae na vitundu visizibe. Usipofanya hivyo mtungi unapoteza ubaridi mwaka hadi mwaka.

Nina na vitu vingine vya nyanda zetu ndani ya nyumba: vikapu viwili vya milulu, yaani nyasi za kinamasi, nilivyonunua Iringa, vya rangi ya majani vilipokuwa vipya na sasa vimeiva vikawa rangi ya asali, pamoja na daftari la karatasi ya kinyesi cha tembo kutoka Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza mwaka 2003 pale Iringa mjini. Vikapu ninavipenda sana na vinabeba viazi vya wiki nzima. Shida yake moja ni unyevu, vikilowa visianikwe vizuri vinaota ukungu chini.

Je, ningenunua tena? Vyungu na mtungi, ndiyo, kutoka mikononi mwao, kavu, bila kupakwa kitu, baada ya kugonga. Kwa hela niliyolipa dukani ule wa vanishi, pale Lyulilo ningepata mtungi, vyungu vitatu na nauli ndogo juu. Ukinunua mjini, mwagia tone la maji kwenye tumbo la mtungi: likinyonywa, huo haujapakwa kitu, likiteleza kama juu ya jani la mgomba, uache.

Mwezi wa tisa narudi Lyulilo. Sahani ninayofunikia mtungi ni ya bati na haikai sawa, kwa hiyo nimepima mdomo wake kwa uzi na kufunga fundo. Uzi nimeuweka ndani ya mkoba tayari, nimpelekee yule mama anifinyangie kifuniko chake.