Charleston: Kilomita 21 za Januari au 10 za Darajani?

Mkimbiaji anayeitazama Charleston, mji wa South Carolina, Marekani, ana njia mbili: nusu marathoni ya Januari, au Cooper River Bridge Run, mbio za kilomita 10 za majira ya kuchipua zilizoanza 1978.

Mji ule ni tambarare kama sinia, kwa hiyo kilomita 21.1 za Januari hazina mlima wa kukukata pumzi. Kazi ipo kwenye mavazi. Alfajiri nyuzi joto huweza kuwa 5 tu, lakini ukifika kilomita ya nane jasho linakutiririka na koti limekuwa mzigo. Vaa fulana kuukuu ya mikono mirefu, uitupe njiani bila majuto. Aliyezoea Mombasa atatetemeka mwanzoni, ila atapumua vizuri. Kiangazi cha pale ni fukuto tupu.

Bridge Run ni shangwe: makumi ya maelfu ya watu, na Wakenya wameshinda mara nyingi. Mlima ni mmoja tu, daraja la Ravenel, lililoinuka mita 57 hivi juu ya maji. Upepo wa bandarini nao hauna adabu.

Kwa kutafuta muda mzuri, mimi ni wa Januari. Darajani nitakwenda kupiga picha.