Poti ya mtoto: ipi ununue ukiwa Mwanza

Nimelea watoto watatu kwenye nyumba ya kupanga huku mlimani Mabatini, na kwa hao watatu nimenunua poti nne. Mbili kati ya hizo nilitupa pesa. Naandika kwa ajili ya mzazi anayepanga kushuka mjini mwisho wa wiki kutafuta poti ya kwanza, maana meza za Makoroboi zimejaa rangi na vikorokoro, na ni rahisi kununua kwa macho.

Mtoto anaikalia poti dakika chache. Wewe ndiye unayeibeba, unayeimwaga, unayeisuuza na kuianika, mara nne au tano kwa siku, kwa miezi. Huku mlimani choo mara nyingi kiko nje, tunakitumia kaya kadhaa, njia yake ni ngazi za mawe, na siku ambazo bomba halitoi tunahesabu ndoo. Poti inayosumbua kubeba itakufanya umwage mtaroni mara moja, kisha mara ya pili, kisha iwe mazoea. Nimeliona hilo kwa majirani, na kwa mtoto wangu wa kwanza nililifanya mwenyewe.

Bado wako wanaoamini kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara. Kina madhara kama cha mtu mzima. Mitaro ya mlimani inashuka hadi Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Mayai ya minyoo ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi. Yakifika majini yanaanguliwa, vimelea vinaingia ndani ya konokono na kuongezeka humo, kisha vinatoka na kupenya ngozi ya yeyote atakayeingia majini, awe mvuvi, anayefua au mtoto anayeogelea. Kipindupindu nacho hupita kwenye uchafu huo huo hadi kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo sianzi na sura ya poti. Najiuliza: nikiwa na mtoto mwingine mgongoni, naweza kuibeba hii hadi chooni bila kumwaga, na kuisafisha kwa makopo mawili ya maji?

Kwa kipimo hicho, inayoshika namba moja ni poti ya plastiki ya kipande kimoja, yenye kifuniko na mshikio. Ile ya kawaida kabisa: bakuli lenye kitako kipana, mgongo mfupi, na mbele pameinuka kidogo ili mkojo wa mtoto wa kiume usiruke nje. Haina viungo, basi hakuna pa mkojo kujificha na kunuka. Unamwaga, unasuuza, maji ya kusuuzia nayo yanaingia chooni, unaigeuza juani. Ya kwangu niliinunua kwa shilingi 7,000, imetumiwa na watoto wawili na sasa iko kwa shangazi yao Sengerema, bado nzima.

Ila zipo nzuri na mbovu za aina hiyo hiyo, na hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka. Iweke sakafuni pale dukani, ubonyeze ukingo mmoja kwa kiganja. Ikiinuka upande wa pili, itamwangusha mtoto, hasa kwenye baraza zetu hizi za mawe. Pitisha kidole kuzunguka pale anapokalia, utafute mshono wa plastiki unaokwaruza. Ule mwinuko wa mbele uwe mviringo na uwe sehemu ya poti yenyewe, kwa sababu vile vya kupachika huchomoka, na mtoto wa kiume akiumizwa mara moja atakataa kukaa wiki nzima. Ndani pawe na rangi nyepesi, nyeupe au njano, uweze kuona kama kuna damu, minyoo, au kama choo ni kigumu. Ile yenye maua ya rangi kali ndani inakuficha mambo unayotakiwa kuyajua.

Kimo ndicho wengi wanachosahau. Mtoto akikaa, nyayo zote mbili zikanyage chini na magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Mkao huo ndio unaorahisisha haja kubwa. Miguu ikining'inia hana pa kujikazia, anabana, choo kinakuwa kigumu, kikitoka kinamuuma, na kesho anaiogopa poti. Nenda naye dukani umkalishe na nguo zake. Kama huwezi, pima kwa uzi kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, uchague poti iliyo fupi kidogo kuliko uzi huo.

Halafu unene. Poti yangu ya pili niliuziwa na kijana wa kutembeza kwa nusu ya bei, plastiki nyembamba yenye harufu kali. Haikumaliza miezi mitatu ya jua la uani; ilipasuka chini mtoto akiwa ameikalia na ikamchana paja. Ukibonyeza ubavuni na plastiki ikabonyea kama chupa ya maji, irudishe mezani hata ukipunguziwa bei.

Namba mbili ni kiti kidogo chenye bakuli la kuchomoa. Mtoto anakaa vizuri zaidi kwa kuwa kina mgongo na mikono, na anayeogopa hukizoea upesi. Bakuli ni jepesi kupeleka chooni. Shida ni ule mwanya kati ya bakuli na kiti: mkojo unaingia humo, na usipokifungua chote kila siku, chumba kizima kitanuka. Dukani litoe bakuli na kulirudisha mara tatu. Likikwama, ndilo litakalokumwagikia. Kama maji yapo ndani na una choo cha ndani, kiti hiki kinaweza kukufaa kuliko ile ya kwanza.

Wenye choo cha kukaa, kama dada yangu aliyepanga Nyegezi, wana njia ya tatu: kikalio kidogo cha mtoto kinachowekwa juu ya kile cha wakubwa. Hakuna cha kumwaga wala kubeba, na hiyo ni raha kubwa. Lakini lazima ununue na kigoda imara cha kupandia na kukanyagia, vinginevyo miguu itaning'inia. Vyoo vyenyewe vina maumbo tofauti, vingine mviringo, vingine kama yai, kwa hiyo chukua vipimo vya chako kwanza. Chini ya kikalio pawe na mpira unaoshika. Kikiteleza hata kidogo mtoto haupandi tena mlima huo.

Kule visiwani, Ukerewe, nimeona kigoda cha seremala chenye tundu katikati na kopo chini yake. Ni imara kuliko plastiki yoyote. Mbao hunyonya mkojo, kwa hiyo mwambie fundi apige msasa vizuri na apake rangi ya mafuta hadi ndani ya tundu, na kopo liwe pana kuliko tundu lenyewe. Kama uko mbali na maduka na fundi ni jirani, usisite.

Poti zinazoimba, zenye gari au mdoli, naziweka mwisho. Nilimnunulia wa kwanza moja kwa shilingi 28,000. Muziki ulianza mkojo ulipogusa chini, akashtuka, akakimbia akilia, na hakuikalia tena. Hata asingeogopa, zina pembe nyingi za kusugua na betri isiyotaka maji. Zile za safari za kukunja zinategemea mifuko yake maalumu, ambayo mimi sikuipata mjini. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, hivyo usitegemee kubadilisha na mfuko wa dukani. Kwa safari ya daladala au kivuko cha Kamanga, beba ile ya kwanza yenye kifuniko.

Pampasi za kuvuta kama chupi usizinunue kwa ajili ya kumfundisha. Zinamkausha, asijue kama amejikojolea. Pesa hiyo nunua chupi au bukta sita za pamba zenye lastiki laini, anazoweza kushusha mwenyewe.

Na usinunue kabla ya wakati. Wengi huwa tayari kati ya miezi 18 na miaka mitatu: anakaa mkavu saa mbili hivi, anakwenda kujificha akitaka kunya, anafuata agizo dogo, anakereka na nepi chafu. Bibi zetu walianza mapema zaidi, wakinyoosha miguu na kumkalisha mtoto mchanga juu ya nyayo zao huku wakimwimbia. Utafiti uliochapishwa 1977 kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya ulieleza malezi ya namna hiyo, yakianza wiki chache baada ya kuzaliwa. Mwenye muda na mama mkwe nyumbani aijaribu, haina gharama. Usiku achana nao kwanza, ukavu wa usiku huja baadaye. Fimbo na matusi havifundishi choo kwa umri wowote. Mtoto anayepigwa hujifunza kubana.

Ukipata iliyotumika, kwa ndugu au kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, inafaa. Ioshe kwa sabuni kwanza, kisha iloweke kwenye maji yenye jiki kidogo, isuuze, uianike juani siku nzima. Ila kabla hujalipa, kwaruza ndani kwa ukucha. Mikwaruzo inayoshika ukucha inashika na uchafu, na hiyo iache hapo hapo mezani.