Uzoefu wangu na tiba ya viungo ya majini kwa mbwa mwoga aliyepasuliwa goti

Mbwa wangu jike, Kito, alikuwa mwoga hata kabla hajaumia. Nilimpokea akiwa amekwisha kukua, wakati kile kipindi cha kuzoea watu, sauti na vitu, ambacho kwa mtoto wa mbwa huanza takriban wiki ya 3 na kufungika kama wiki ya 14, kilikuwa kimempita bila mtu wa kumwongoza. Kano ya ndani ya goti lake la nyuma ilipokatika, daktari wa mifugo alimfanyia upasuaji wa kukata sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, kuizungusha kidogo na kuifunga kwa bamba la chuma na skrubu, ili goti litulie hata bila kano hiyo. Mfupa uliunga vizuri. Lakini misuli ya paja ilikuwa imenywea, na Kito alikuwa amekwisha kuzoea kutembea kwa miguu mitatu, huku akijikunja na kurudi pembeni kila mtu asiyemjua alipomsogelea.

Hali hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye kliniki ya tiba ya viungo yenye tangi la kioo ambalo chini yake kuna mkanda unaozunguka. Mbwa huingia kupitia mlango wa upande, maji ya uvuguvugu hupandishwa polepole, kisha mkanda huanza kwenda naye akatembea. Faida yake inaeleweka kwa urahisi: maji yakifika usawa wa nyonga, miguu hubeba kiasi cha asilimia 38 tu ya uzito wa mwili, na yakishushwa hadi usawa wa goti hubeba kama asilimia 85. Kwa hiyo mtaalamu anaweza kuongeza mzigo hatua kwa hatua kwa kupunguza maji, na wakati huohuo ule ukinzani wa maji huilazimisha misuli kufanya kazi ambayo isingeifanya mbwa akitembea sakafuni.

Hata hivyo, mashine si sababu ya mimi kuisifu huduma hii. Siku ya kwanza haikuwashwa kabisa. Mtaalamu aliketi sakafuni, akampa Kito ubavu bila kumkazia macho, akaacha milango ya tangi wazi pande zote. Alinionyesha ishara ambazo watu wengi huzipuuza: mbwa kulamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa huku jicho likibaki limekodolewa kwa pembeni. Kito aliposogelea tangi kwa hiari yake, kipande cha nyama kilirushwa nyuma yake, mbali na tangi, si ndani yake. Nilishangaa, kisha nikaelewa: mbwa alipata thawabu mbili, chakula na nafasi ya kuondoka, na aliporudi tena alirudi kwa uamuzi wake mwenyewe. Mbwa anayevutwa kwa chakula hadi mahali anapopaogopa hufika pale shingo ikiwa imenyooka na miguu ya nyuma imebaki, na akishtuka huko, chakula chenyewe huanza kumtia mashaka.

Mpangilio ulizingatiwa kwa makini. Sauti ya pampu ilisikika kwanza, kwa mbali na kwa muda mfupi, ndipo nyama ikafuata. Ukigeuza utaratibu huo, nyama hugeuka kuwa onyo kwamba kitu kibaya kinakuja. Pia Kito alifundishwa kuweka kidevu juu ya taulo iliyokunjwa wakati goti lake linaposhikwa na kukunjwa. Akiinua kidevu, mikono inaondolewa papo hapo. Naamini zoezi hilo moja lilimsaidia kuliko mengine yote, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa na njia ya kusema basi bila kukimbia wala kuonyesha meno. Kadiri alivyoona kwamba neno lake linaheshimiwa, ndivyo alivyolitumia mara chache.

Maumivu nayo hayakusahauliwa. Mbwa mwenye hofu hukaza misuli, misuli iliyokazwa huliumiza goti, na goti linalouma huzidisha hofu, hivyo kliniki iliwasiliana na daktari wetu ili dawa ya maumivu ipangwe sawasawa kabla ya kuongeza kazi. (Mtu asijaribu kumpa mbwa ibuprofen au paracetamol kutoka kabati la nyumbani, zinaweza kumdhuru vibaya.) Mapaja yote mawili yalipimwa mzunguko kwa futi ya kitambaa, mahali palepale kila safari, na mguu wa nyuma usioumia ulifanyiwa mazoezi pia, maana mbwa aliyekatika kano ya goti moja yuko katika hatari kubwa ya kukatika ya pili.

Yako mambo ambayo hayakuniridhisha. Miadi imebananishwa mno, kwa hiyo mbwa hupishana kwenye ukumbi mwembamba, na kwa mnyama mwoga dakika chache za namna hiyo huharibu kazi ya kikao kizima. Mashine ya kukaushia manyoya iliwashwa bila kuulizwa. Baada ya kuomba, taulo zilitumika, lakini huo ungepaswa kuwa utaratibu wa kawaida kwa mbwa wa aina hii. Maelekezo ya mazoezi ya nyumbani yalikuwa michoro tu, na zoezi la kuketi na kusimama, ambalo mguu ukitoka nje kidogo halina maana, lilihitaji video.

Tiba hii haifai jeraha likiwa bado wazi, mbwa akiwa na homa, au akiwa na ugonjwa wa moyo usiodhibitiwa. Mwenye kutafuta kliniki aulize swali moja kabla ya kuweka miadi: mbwa akikataa kuingia tangini, mnafanyaje? Wakijibu kwamba humbeba na kumweka ndani, mimi nisingempeleka wangu. Kito sasa huingia mwenyewe, mkia ukiwa umelegea, hukanyaga kwa miguu yote minne maji yakiwa usawa wa goti, na juzi alimnusa mkononi mtaalamu mgeni bila mimi kumhimiza. Tunaendelea na vikao, na nimeomba tupewe saa ya kwanza ya asubuhi, kabla ukumbi haujajaa.