Google Family Link kwenye simu ya mtoto: inachofunga na inachoacha wazi

Kama mtoto wako ana simu yake mwenyewe ya Android na yuko kati ya miaka 7 na 12, weka Google Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto kwa mbali, kabla hujamkabidhi. Kama anatumia simu yako, Family Link haikufai, na huko mbele tutaeleza ufanye nini badala yake. Maelezo mengi ya mtandaoni yanaliruka jambo hili kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya nyumba ambazo kila mtoto ana kifaa chake. Huku kwetu mtoto anakulia kwenye simu ya mama, ya kaka, ya shangazi aliyekuja kutembea, na ya kwake anaipata baadaye, mara nyingi ikiwa ni ile kuukuu ya mkubwa.

Programu hii ilitoka mwaka 2017 na ni ya bure. Mzazi anaiweka kwenye simu yake, iwe Android au iPhone. Kifaa cha mtoto kiwe Android yenye huduma za Google, au Chromebook. Simu za Huawei zisizo na Play Store hazimo, wala simu za batani zenye mfumo wa KaiOS. Mwenye iPhone ya kumpa mtoto atumie vidhibiti vya Apple vilivyomo tayari kwenye mipangilio ya simu hiyo.

Wengi wanakwama kwenye akaunti. Simu ikinunuliwa dukani, muuzaji au fundi humfungulia mteja Gmail pale pale, na ili kazi iende anajaza mwaka wowote wa kuzaliwa wa mtu mzima. Simu ikishuka kwa mtoto inashuka na akaunti hiyo, na machoni pa Google mwenye simu ni mtu wa miaka thelathini na kitu. Vichujio vya watoto haviwaki, YouTube inafunguka yote, na matangazo yanakuja ya watu wazima. Usijaribu kuitengeneza akaunti ya namna hiyo. Fungua mpya yenye tarehe ya kweli ya kuzaliwa.

Hatua ni hizi. Hamisha picha na namba kwanza. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu ya mtoto na uondoe akaunti ya zamani, ndipo uifute simu yote kwa kupitia mipangilio hiyo hiyo. Usiiflashi kwa kushika batani za pembeni akaunti ikiwa bado imo, kwa maana simu ikiwaka itadai nenosiri la akaunti ile ya zamani, na anayelijua huenda ni yule wa dukani. Kwenye simu yako, fungua Family Link, chagua kuongeza mtoto, mwandikie jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani mpya ya Gmail, kisha thibitisha kwa nenosiri lako. Rudi kwenye simu yake, ingiza akaunti mpya, nawe uandike nenosiri lako kuridhia usimamizi. Fanya kazi hii kwenye Wi-Fi au ukiwa na bando la kutosha, kwa sababu simu iliyofutwa huanza kusasisha programu zake zote kwa mpigo.

Nenosiri lako uliandike mwenyewe, mtoto akiwa hatazami vidole. Mtoto anayelijua nenosiri la Gmail ya mzazi hahitaji ujanja mwingine wowote. Anabadilisha mipangilio kama wewe ungeibadilisha.

Kikundi cha familia cha Google kinabeba watu sita, wewe ukiwemo. Mzazi wa pili anaweza kupewa uwezo karibu sawa na wako, na inafaa umpe, maana ombi la mtoto likija wewe uko kazini au simu imezima, mwenzako atalijibu.

Upande wa muda ndio ulioiva kuliko yote. Kuna kikomo cha siku, unachokipanga siku kwa siku, na kuna saa za kulala ambazo simu inajifunga hata kama dakika zake hazijaisha. Ikijifunga, mtoto bado anaweza kupokea simu na kupiga ya dharura, na zinabaki programu ulizoziruhusu muda wote, kwa mfano kamusi au programu ya masomo. Unaweza pia kuwekea programu moja kikomo chake: mchezo dakika 30, YouTube dakika 40, vingine viendelee. Mtoto wa shule ya msingi hahitaji zaidi ya dakika 45 hadi saa moja siku ya shule, na Jumamosi saa mbili zinatosha. Kwa wadogo zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema wasiotimiza miaka miwili wasikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni la saa. Programu inahesabu kwa saa za kizungu. Mzazi anayetaka simu ifungwe saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi anaandika 2:00 hadi 12:00, na matokeo yake simu iko wazi mpaka saa nane usiku na imefungwa mpaka saa sita mchana. Andika 20:00 hadi 06:00, au 8:00 PM hadi 6:00 AM. La pili ni kwamba kila kifaa kinahesabiwa peke yake. Mtoto mwenye simu na tableti, kikomo kikiwa saa moja, anapata saa mbili.

Kuna upungufu pia unaowagusa hasa wenye watoto wa bweni. Shule nyingi za Tanzania na Kenya haziruhusu simu, kwa hiyo matumizi yote yanarundikana likizo. Kikomo cha siku hakina ratiba ya likizo unayoweza kuiwasha na kuizima. Inabidi siku ya kwanza ya likizo uingie ubadilishe kwa mkono, na shule zikifunguliwa urudishe kikomo cha siku za shule kwa mdogo wake anayebaki nyumbani.

Upande wa programu, kila anachotaka kupakua kutoka Play Store kinakuja kwako kama ombi. Unaona jina na kiwango cha umri, unakubali au unakataa. Ila jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba ukiisharuhusu programu mara moja, mtoto anaweza kuifuta na kuirudisha atakavyo bila kukuomba tena, na haombi ruhusa ya kuisasisha. Kuifuta kwenye simu hakutoshi. Ingia kwenye orodha ya programu ndani ya Family Link uizuie hapo.

Sasa chukua Tecno, Infinix au itel, simu ambazo watoto wengi wa ukanda wetu wanaanza nazo. Zinatoka kiwandani na programu ambazo hakuna aliyeziomba: kivinjari cha Phoenix, duka la Palm Store, Boomplay, na nyinginezo kulingana na toleo. Kichujio cha tovuti cha Family Link kinafanya kazi ndani ya Chrome. Huko kimekamilika vizuri: unachagua kuruhusu tovuti zote, kujaribu kuzuia zile chafu, au kuruhusu zile tu ulizozitaja, na dirisha la kuvinjari kwa siri linaondolewa. Lakini mtoto akigusa Phoenix, au akiwa na Opera Mini, kichujio hicho hakimfuati. Hapo mzazi anaona Chrome haijaguswa wiki nzima, anaridhika, kumbe mlango ni mwingine.

Kwa hiyo siku ile ile ya kuweka Family Link, pitia orodha ya programu zote na uzuie kila kivinjari kisicho Chrome, na kila duka la programu lisilo Play Store. Hakikisha pia ruhusa ya kuweka programu kutoka vyanzo visivyojulikana imezimwa, kwa sababu watoto hurushiana michezo kwa Xender bila hata bando. Baadhi ya programu za kiwandani zinakataa kuzuiwa kwa mbali. Hizo zizime kwa mkono kwenye mipangilio ya simu yenyewe. Ukimaliza, shika simu ya mtoto ujaribu mwenyewe: fungua kila alama iliyobaki na uone kama inaweza kukufikisha kwenye sehemu ya kuandika anwani ya tovuti. Zoezi hili la dakika kumi lina faida kuliko mipangilio yote mingine.

WhatsApp ni habari nyingine. Family Link inakuambia mtoto amekaa humo dakika ngapi, inaweza kuifunga na kuiwekea kikomo, lakini haioni ujumbe, kikundi, wala video iliyotumwa. Umri wa chini wa WhatsApp ni miaka 13, na TikTok vile vile. Ukimruhusu wa miaka kumi kwa sababu darasa lao lina kikundi, jua kwamba kwa ndani hakuna ulinzi wowote wa Family Link, na kilichobaki ni wewe kuingia kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp na kuweka kwamba ni watu walio kwenye namba zake tu wanaoweza kumwongeza kwenye vikundi. Zima pia picha na video kujipakua zenyewe. Unaokoa bando na macho ya mtoto.

Family Link haigusi pesa za laini pia. Idhini ya manunuzi inahusu malipo ya Google Play. Mtoto anayepiga *149*01# kununua kifurushi kwa salio la Vodacom, au anayekopa salio kwa Okoa Jahazi kule Safaricom, anafanya hivyo nje ya macho ya Google kabisa. Laini ya simu ya mtoto isiwe na pesa, na namba ya siri ya M-Pesa isiwe mwaka wake wa kuzaliwa.

Bando lenyewe ni tatizo la kimsingi, na hapa ndipo programu inaonyesha ilibuniwa kwa ajili ya nchi zenye intaneti isiyokatika. Mabadiliko unayoyafanya kwenye simu yako yanafika kwa mtoto pale tu simu yake inapokuwa hewani. Ukibana muda saa tisa alasiri na yeye amezima data, simu inaendelea na sheria za jana. Ramani ya mahali alipo nayo inaganda hapo ilipoona mtandao mara ya mwisho, hivyo usiitegemee kama ushahidi kwamba mtoto bado yuko tuisheni. Kwa upande mwingine, ratiba ambayo imeshafika inashika hata bila mtandao, na kuzima data hakumsaidii mtoto kuikwepa. Panga ratiba mara moja, iache itulie, usiibadilishe kila jioni.

Kwa dharura kuna kitu kizuri ambacho hakisemwi sana: msimbo wa mzazi. Simu ikiwa imefungwa na haina mtandao, unafungua Family Link kwako, unasoma tarakimu zinazoonekana, zinaandikwa kwenye simu ya mtoto, nayo inafunguka. Tarakimu hizo hubadilika baada ya muda, hivyo hata mtoto akizishika leo hazimfai kesho. Kwa nyumba ambazo mchana mtoto yuko na bibi au dada wa kazi, hii ndiyo njia: bibi anakupigia simu ya kawaida, unamtajia tarakimu, na hakuna aliyelazimika kujua nenosiri lako.

Mtoto anaambiwa wazi kwenye simu yake kwamba inasimamiwa na anaona ni nini mzazi anaweza kukiona. Tunaona hilo ni jema. Kuna programu za kulipia zinazojificha na kusoma ujumbe wote, nasi hatuzipendekezi kwa mtoto wa umri wowote. Kwa kawaida, akikaribia miaka 13 Google huwaandikia barua pepe mzazi na mtoto kueleza nini kinabadilika kwenye akaunti. Isomeni pamoja kabla ya siku yenyewe.

Tumalizie na simu moja ya nyumba nzima. Usiingize akaunti ya mtoto kwenye simu yako ya kazi. Akaunti ya mtoto mdogo inataka kuwa peke yake na itakuomba uondoe nyingine. Fanya mambo mawili tu. Pakua YouTube Kids, chagua kundi la umri, na kwa wadogo sana weka video na chaneli ulizozipitisha wewe tu, mathalani za Ubongo wa Dar es Salaam zenye masomo kwa Kiswahili. Sehemu ya mzazi ya programu hiyo imefungwa kwa swali la kuzidisha, kama saba mara nane, ambalo mtoto wa darasa la nne analijibu huku anatafuna muwa. Libadilishe uweke namba yako ya siri, kisha washa kipima muda kilichomo humo humo.

La pili, washa kubandika programu (kwa Kiingereza App pinning), yaani kuifungia simu kwenye programu moja. Liko kwenye mipangilio, upande wa usalama, na unapoliwasha chagua simu idai namba ya siri kabla ya kubandua. Fungua YouTube Kids au mchezo, ubandike, ndipo umpe mtoto. Hataweza kutoka kwenda kwenye meseji, WhatsApp, picha za kazini wala menyu ya M-Pesa. Dakika zikiisha kipima muda kinafunga katuni, na simu inabaki imebandikwa hapo hapo mpaka uichukue mwenyewe na kuandika namba yako.