Oili ya 5W-30 (nyepesi) au 20W-50 (nzito) kwa Toyota IST iliyotembea kilomita 200,000?
Kwa bei, 20W-50 ya kawaida inashinda, na injini iliyochoka huila polepole kwa kuwa ni nzito. Lakini 1NZ-FE, injini ya IST ya lita 1.5, ina VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) na kikaza cheni, vyote vinavyotegemea presha ya oili. Asubuhi ya baridi, Mbeya au Limuru, oili nzito huchelewa kupanda na cheni hupiga kelele; hapo 5W-30 haina mpinzani. Zote ni lita 3.7 ukibadilisha na filta.

Pima stiki kila wiki. Kiwango hakishuki? Baki na 5W-30. Inakula lita nzima kabla ya kilomita 2,000, moshi wa bluu, nawe uko kwenye joto la Dar au Mombasa? 20W-50 itapunguza gharama, ila ringi za pistoni na sili za valvu bado zinamsubiri fundi.