Miche ya matunda kwa bustani kavu ya Nanyuki: ipi uinunue kwanza

Mlima Kenya hutuzuilia mvua sisi wa upande wa Nanyuki. Tuko mita 1,900 na zaidi juu ya bahari, jua linachoma mchana, na usiku wa Januari usio na mawingu sakitu, yaani umande ulioganda, huunguza majani mabondeni. Kwa hiyo nikifika kwenye kitalu siulizi kwanza utamu wa tunda. Nauliza kama mche utahimili kiangazi na baridi.

Wa kwanza kwangu ni mforosadi. Pengine hutatoa hata shilingi: mwombe jirani tawi la unene wa kidole, ulichomeke mvua za Aprili zikianza, litashika. Baridi ikiuunguza, upogoe, utachipua tena.

Wa pili ni kaiyaba (Kei apple), na hapa wengi hukosea. Wananunua mche mmoja au miwili wakingoja matunda yasiyokuja kamwe. Kaiyaba ina mti dume na mti jike, jike ndiyo huzaa, na mche wa mbegu huwezi kuutambua mpaka utoe maua. Nunua miche ya kutosha uzio mzima. Utapata uzio usiopenyeka na matunda ya manjano, makali mdomoni lakini jamu yake ni nzuri sana. Ina miiba mirefu, basi usiipande watoto wanapochezea.

Halafu mtini, karibu na ukuta wa mawe unaopigwa na jua, kwani ukuta hubaki na joto usiku. Komamanga nayo huvumilia ukame, ila ukiimwagia maji mengi ghafla baada ya kiangazi matunda hupasuka. Kando ya njia weka rozimari, nyuki wataifuata.

Tufaha ni la mwenye tangi la maji. Chukua aina ya Anna pamoja na ya Dorsett Golden ili zichavushane.

Parachichi naliweka mwisho, hata muuzaji akilisifu vipi. Mizizi yake iko juujuu, na sakitu huua mche mchanga. Ukilitaka lazima, nunua lililobebeshwa, yaani lililounganishwa kwenye shina la mche mwingine, ulipande kwenye mteremko, si bondeni baridi inakotuama.

Dungusi kakati (mpungate) usichukue hata ukipewa bure. Imekwisha kuvamia malisho ya Laikipia, na miiba yake inatesa mifugo.

Kabla ya kulipa, tazama chini ya mfuko. Mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba, chagua mche mwingine, hata kama ni mfupi.